Kwaresima ya Sukari ya Oganiki

Juni iliyopita nilipanda Newala kwenye harusi ya mjukuu wa Mama Joeli. Baada ya misa tukakaa chini ya turubai, na sisi wamama wa zamani tukawekwa meza moja karibu na jiko, maana walijua hatutanyamaza. Akaja binti mmoja mpole na trei yenye vibakuli viwili. Akapiga goti kidogo, akasema shikamooni, tukamwitikia marahaba, halafu akauliza tutaweka sukari ya kawaida au ya oganiki. Mama Joeli akamtazama yule binti, akanitazama mimi, akaweka mkono kifuani. Alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. Binti wa watu akadhani kakosea, akataka kurudi na trei yake. Nikamshika mkono nikamwambia hujakosea kitu mwanangu, wewe mimina tu, sisi tunamcheka mtu ambaye hayupo. Alipoondoka, Mama Joeli akafuta machozi akasema, "Mama Neema, mwenzetu angekuwepo leo angeuliza hiyo ya oganiki inahesabika au haihesabiki." Kesho yake nikarudi Masasi, na njia nzima, toka juu mpaka gari linashuka bondeni, nilikuwa naishi tena mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa sijafika thelathini. Nilimwacha mwanangu Neema kwa bibi yake Lupaso, nikapanda Newala kusoma masomo ya jioni, kwa sababu niliishia darasa la saba na nilitaka nipate kidato cha nne kabla huyo mtoto hajanipita. Nikafikia kwa mama yangu wa ubatizo, Mama Stivini, Mmakonde wa Chilangala, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alikuwa na mgahawa wa chai mbele ya nyumba yake, mabenchi manne na meza mbili, na tulikubaliana kwamba asubuhi namsaidia mgahawani, jioni naenda darasani. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, pamoja na magunia ya korosho zake za shamba. Nilikuwa nalala na harufu ya korosho, naamka na harufu ya maandazi. Nje ukungu umeshuka mpaka humwoni jirani anayekusalimia, unasikia tu sauti inasema umeamkaje, na wewe unaitikia ukungu. Mimi nimezaliwa bondeni kwenye joto, Newala ile baridi ya asubuhi niliiona kama ya Ulaya, na nikishika kikombe cha chai kwa mikono miwili nilikuwa namshukuru Mungu kwa sauti. Mama Stivini alikuwa ananicheka. Alisema nyie Wamakua mnashukuru kila kitu, ndiyo maana hamwombi zaidi.

Sasa chai yake. Ilikuwa ya maziwa na tangawizi, ilichemka taratibu kwenye jiko la mkaa mpaka inapata rangi ya udongo wa Newala, na ilikuwa tamu. Sisemi tamu ya kawaida. Walimu waliokuja kazini kutoka mikoa mingine walikuwa wanaomba kupunguziwa kwa maji ya moto, naye anawapunguzia huku amenuna. Kwake yeye chai isiyo na sukari ni maji ya kuogea. Kikombe chake mwenyewe kilikuwa kikubwa kuliko vya wateja, cha bati, na kijiko kilikuwa kinazunguka humo muda mrefu, kinagonga kuta kama kengele ndogo. Mimi nikisikia mlio ule mpaka leo, popote pale, nageuza shingo.

Lakini mwaka ule alikuwa ameshaambiwa hospitali kwamba ana kisukari. Alipewa vidonge, akaambiwa apunguze vitamu na asichelewe, kwa sababu macho yameshaanza kuguswa. Na macho ya Mama Stivini hayakuwa macho tu ya kuchambulia mchele. Kanisani kwetu asubuhi ya Pasaka somo la kwanza alikuwa anasoma yeye. Alianza akiwa msichana, mapadre wakaja wakaondoka, yeye akabaki pale mbele na kitabu. Watu walikuwa wanatoka vijijini kabla hakujapambazuka, na wengine walisema wazi kabisa kwamba Pasaka bila sauti ya Mama Stivini ni Jumapili ya kawaida yenye nguo mpya. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule nilimkuta barazani na Biblia mapajani, anaisogeza mbali, anaileta karibu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema herufi zinatembea kama siafu, ukikanyaga huku wanatokea kule. Alisema kwa utani, ila alikifunga kile kitabu polepole sana, akakaa akiangalia barabara ambayo sidhani kama alikuwa anaiona.

Ndipo ikaja ile sukari. Stivini, mwanawe aliyekuwa anafanya kazi Dar es Salaam, alisikia habari ya ugonjwa wa mama yake, na kwa mapenzi kabisa akatuma kifurushi kwenye basi. Ndani kulikuwa na pakiti za sukari ya kahawia, chembe kubwa kubwa, inanukia kama muwa uliochomwa, na juu ya pakiti kuna picha ya jani. Akapiga simu akasema Mama, achana na hiyo nyeupe, ina madawa, tumia hii ya oganiki, hii ni ya asili haina neno. Mama Stivini akaimimina kwenye chupa ya kioo, akaiweka juu ya kabati la vyombo, mahali pa heshima. Nyeupe ikawa ya wateja, ya kahawia ikawa yake. Na vijiko vikaongezeka, kwa sababu alisema dawa hainywewi kwa woga.

Lazima niseme kwamba neno oganiki kwetu halikuwa geni. Chilangala kulikuwa na kikundi cha wakulima walioacha kupuliza mikorosho yao salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ugonjwa wa majani, na korosho zao ziliitwa hivyo hivyo, korosho za oganiki, zikawa na wanunuzi wake. Mama Stivini alikuwa kwenye kikundi kile. Mume wake alipuliza salfa miaka mingi, akakohoa miaka mingi, na alipofariki yeye akasema shambani kwake pampu haitaingia tena. Kwa hiyo Stivini alipotamka neno lile kwenye simu, mama yake hakusikia neno la dukani. Alisikia neno la nyumbani kwake, neno la kumponya mtu. Ndiyo maana siwezi kumcheka yule mtoto mpaka leo, wala mama yake. Walikosea kwa kupendana.

Mimi roho ilikuwa hainipi. Siku moja jioni nikauliza darasani. Tulikuwa watu wazima watupu, fundi baiskeli, mama wawili wa sokoni, askari mgambo mmoja anayesinzia, tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yamefika kidevuni. Mwalimu wetu wa baiolojia, Mwalimu Deusi, mtu wa Kagera, akakaa mezani akafikiri. Akasema hilo ni swali zuri kuliko yaliyo kwenye mtihani. Akatuambia oganiki maana yake ni namna muwa ulivyolimwa, bila mbolea za chumvi chumvi na bila sumu ya wadudu. Hilo ni jema kwa ardhi, na ni jema kwa anayelima. Ule ukahawia ni molasi, ile asali nyeusi ya muwa, iliyobaki kidogo, inaleta harufu na rangi, na madini yake ni machache mno, labda mtu ale kilo nzima ndipo ayapate. Lakini sukari yenyewe, ile inayoingia kwenye damu, ni ileile moja. Fundi baiskeli akauliza, kwa hiyo mwili hautambui? Mwalimu akasema mwili haujui kusoma pakiti. Tukacheka sote, mgambo akaamka akacheka na yeye bila kujua kitu.

Nikarudi nyumbani mbio na elimu yangu. Nikamweleza Mama Stivini yote, na mchoro nikamchorea chini kwa kijiti cha moto. Akanisikiliza vizuri, akaniambia nimejifunza kuongea kama mwalimu na hilo limemfurahisha, halafu akasema huyo Deusi amekulia kwenye ndizi, ya muwa atayajulia wapi. Akainuka akachukua chupa yake. Hapo ndipo nikafanya kitu pekee nilichoweza. Nikamwambia kwa adabu, nimepiga goti, kwamba Mama, nitakupikia, nitakuchotea maji, nitakufulia, lakini sukari kwenye kikombe chako mkono wangu hautatia tena, ya rangi yoyote. Akasema sawa, mikono ninayo mwenyewe. Kuanzia siku ile nikawa namwekea chai mezani tupu, naye anajitilia. Kila asubuhi. Hatukugombana. Nilikuwa naweka kikombe, nasema karibu Mama, naondoka kwenda kukanda unga huku nasikia kile kijiko kinagonga, na nikikanda nilikuwa naomba. Maandazi ya kipindi kile yalisifiwa sana, nadhani ni kwa jinsi unga ulivyopigwa.

Ikakaribia Kwaresima. Pale kanisani wamama walikuwa na desturi yao. Jumamosi kabla ya Jumatano ya Majivu wanafagia kanisa, na wakimaliza wanakaa sakafuni kwenye ule ubaridi, kila mmoja anataja atafunga nini, na anapewa mwenzake wa kumlinda. Ukimwona mwenzako anaponyoka unamrudisha, ana haki ya kukurudisha na wewe. Mama Joeli, jirani yetu, Mmakua kama mimi, mnene, mwenye maneno, alisema anafunga korosho. Wamama wakaguna kwa heshima, maana mtu wa Newala akifunga korosho kafunga kweli, anazo ndani, anazo mfukoni, anazo mpaka chini ya mto. Mama Stivini akasema anafunga sukari. Nilikuwa mlangoni na ufagio wangu. Kwa furaha nikafagia tena kizingiti nilichokuwa nimeshakifagia. Wakapangwa pamoja, yeye na Mama Joeli, mtu na mtani wake, na padre aliyekuwa anapita akasema Mungu awasaidie majirani.

Jumatano ya Majivu tukatoka misani na majivu kwenye paji la uso, nikamwekea chai yake tupu, nikaondoka kwa moyo mwepesi. Nikasikia kijiko. Nikarudi. Alikuwa anakoroga taratibu kabisa, chupa ya kioo iko wazi mbele yake. Nikasema Mama, si tumefunga? Akasema nimefunga sukari, hii ni oganiki. Hakuwa anatania. Kwake yeye ile nyeupe ilikuwa sukari, na hii ilikuwa muwa. Nikamwendea padre mchana ule ule, nikamweleza. Padre akashika mdomo wake asicheke, akaniambia mwanangu, mimi nimesomea mambo mengi lakini sikusomea kuungamisha sukari, hilo lipeleke kwa mlinzi wake.

Basi nikalipeleka. Mama Joeli alikuwa anachambua mboga uani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama zile korosho za Chilangala za kubanguliwa bado zipo. Nikasema zipo gunia zima, chumbani kwangu. Akasema nenda zako kasome.

Jumamosi yake ilikuwa siku ya soko, mvua imenyesha alfajiri, mabenchi yamejaa watu wa bodaboda na walimu na wauza mboga wenye matope miguuni. Mama Joeli akaingia, akasalimia wote, akakaa benchi la mbele kabisa karibu na Mama Stivini, akaomba korosho za kukaanga. Mama Stivini alikuwa anahesabu vitumbua, akampa bakuli bila kuangalia. Mama Joeli akaanza kutafuna. Anatafuna kwa sauti, anafumba macho, anasifia. Mama Stivini akageuka, mkono ukabaki hewani.

"Mama Joeli. Wewe si umefunga korosho?"

"Nimefunga. Hizi si korosho, mtani wangu. Hizi ni oganiki."

"Zimetoka kwenye mkorosho."

"Na hiyo kwenye kikombe chako imetoka kwenye nini?"

Benchi la nyuma mtu mmoja akacheka ndani ya chai yake ikamwagika. Angekuwa mtu mwingine, Mama Stivini angemfukuza. Lakini huyu ni mtani, na mtani humkasirikii, ukimkasirikia aibu inakuwa yako. Mama Joeli akachota nyingine, akampa na aliyekaa pembeni, akamwambia kula baba, hizi hazihesabiki, hata tumboni hazikai. Mama Stivini akaweka mikono kiunoni. Akasema mbele ya watu wote, kwa ile sauti ya barabarani:

"Usinichezee. Mimi nimeacha salfa kwa sababu inamuumiza anayepuliza. Korosho yenyewe ni ileile. Ina mafuta yaleyale, ukila nyingi unavimbiwa vilevile."

Halafu akayasikia maneno yake mwenyewe. Nilikuwa nimesimama kwenye kikaango, nikamwona anayasikia. Ilikuwa kama mtu aliyemwita mwingine barabarani, kumbe anajiita mwenyewe. Hata Mama Joeli aliacha kutafuna, na sijawahi kumwona akiacha kutafuna tena. Mama Stivini akakaa. Bega likaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akamlalia mtani wake begani, na watu wote wakaingia kwenye kicheko kile, ukungu nje unapanda, mvua inadondoka kutoka bati kwenda kwenye pipa. Alipotulia akasogeza kikombe chake cha bati kwangu.

"Mama Neema, kimwage hiki. Nipe kingine."

"Nikitie nini, Mama?"

"Tangawizi. Tia nyingi, nisikumbuke."

Mama Joeli aliongeza siku za kufunga korosho baada ya Pasaka kufidia zile alizokula, ingawa alisisitiza kwamba alikuwa kazini. Na mimi siku hizi najiuliza kwa nini mchoro wangu wa kijiti haukutosha na bakuli la korosho likatosha. Mwalimu Deusi alisema kweli tupu. Mimi nilisema kweli. Lakini sisi tulimpelekea kweli kutoka nje, na Mama Joeli aliijua ile iliyokuwa ndani ya yule mama tayari, akaiita kwa jina lake ikatoka yenyewe. Neema wangu sasa ni mtu mzima, ana kazi yake na ndoa yake, na kwenye kabati lake ipo sukari ya kahawia yenye jani. Aliniuliza kama anakosea. Nikamwambia hukosei. Kama unapenda harufu yake, nunua. Kama unamhurumia anayelima muwa, nunua, hiyo ni sadaka. Ila usimpe mjukuu wangu vijiko viwili vya hiyo kwa kumnyima kimoja cha ile, ukidhani umemlinda.

Zile wiki zilizofuata hazikuwa rahisi. Siku za kwanza Mama Stivini alikuwa mkali kama pilipili, aliwagombeza hata kuku. Kichwa kilimuuma. Chai alikuwa anainywa kama mtoto anayekunywa dawa ya minyoo, amefumba macho, anahema. Tulipunguza na maandazi, tukawa tunakula mihogo ya kuchemsha na mboga, na mahindi mabichi kidogo yalipokomaa, na vidonge vyake nikawa namkumbusha kabla sijaenda darasani. Wiki ya tatu akaniambia ameonja ladha ya tangawizi. Alisema miaka yote alikuwa anaitia na hakuwahi kuijua, kumbe ina vyumba viwili, unaingia kwa moto unatokea kwa ubaridi. Hospitali walipompima wakamwambia aendelee hivyohivyo. Hakuniambia neno juu ya macho, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Kila nikirudi darasani nilikuwa namkuta barazani na Biblia mapajani imefungwa.

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mama Stivini alikuwa na kitenge cha njano na kilemba cheupe. Padre alikuwa ameshamweka msomaji wa akiba, kijana mmoja wa kwaya, ameketi tayari na kitabu mkononi. Ulipofika wakati, Mama Stivini akainuka. Akaenda mbele taratibu, akaweka mikono miwili kwenye kitabu, akainama. Akakaa hivyo. Mama Joeli alikuwa amenishika mkono mpaka pete yake ikaniingia. Halafu ile sauti ikatoka, ikajaza kanisa toka altareni mpaka kwenye ngazi, neno baada ya neno, haikimbii, haibabaiki. Sehemu moja tu alisimama, akasogeza kitabu kidogo kwenye mwanga wa dirisha, akaendelea. Kijana wa kwaya alifunga cha kwake.

Baada ya misa watu wakaja nyumbani kwetu, kama kila mwaka. Kwaresima imeisha, mfungo umefunguliwa, chai inachemka sufuria kubwa, na pembeni sufuria ndogo isiyo na sukari. Ile siku ndiyo nilikuwa naiogopa kuliko zote, maana sasa hakuna nadhiri ya kumshika wala mlinzi wa kumrudisha. Akaichukua chupa ya kioo juu ya kabati, akaifungua, akainusa muda mrefu amefumba macho. Akaipindua yote kwenye sufuria la wageni, akakoroga kwa mwiko, akasema Kristo amefufuka, kunyweni, hii mwanangu ameituma kwa upendo. Watu wakaitikia amefufuka kweli kweli, vikombe vikaanza kugongana.

Nikachukua kikombe chake cha bati, nikasimama nacho katikati ya jiko na meza, sijui nichote wapi. Akaniona.

"Mimi nichotee ile ya pembeni, isiyo na kitu," akasema. "Leo nimeona mpaka nukta."

Nikamchotea, nikapiga goti, nikampa.